Kidole Gumba Kikae na Wenzake

Mashineni, 3 Februari

Shemeji Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ila unga umenijaa hadi kwenye kope, na mlio wa injini bado unanivuma masikioni ninapokuandikia. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya ule wa kaka yako unaofanana na wa kitabu. Yeye hajui kwamba nakuandikia, na naomba asijue.

Ni habari ya hendeli ya kuzungushia injini ya mashine ya kusaga ili iwake. Kaka yako anaipiga kama mtu anayegombana nayo. Anaikamata kwa vidole vyote vitano, anaiegemea kwa kifua na kuisukuma chini, huku akitania foleni nzima ya kina mama wenye ndoo za mahindi. Mara nyingi injini inawaka, nao wanamshangilia, "Bwana Mashine." Lakini wiki iliyopita iligoma, ikarudi nyuma kwa nguvu na hendeli ikamchomoka. Ilimpita karibu na taya. Kiganja kilivimba. Akacheka, akasema leo mashine imeamka vibaya kama mke wangu. Foleni ikacheka, mimi sikucheka.

Nimemwambia mara nyingi. Ananijibu niangalie ungo wangu, yeye aangalie chuma chake. Wewe ni fundi, kila siku uko na malori, maneno yako yana uzito kuliko yangu. Mwandikie. Mweleze jinsi watu wa huko wanavyowasha injini bila kuvunjika. Ila usitaje kwamba mimi ndiye niliyekuchokoza, maana hapo ataacha kunisikiliza hata ninapomwambia chai iko tayari.

Wewe ni mtoto wangu wa kwanza, hata kama nilikukuta tayari una meno yote. Usiniangushe.

Shemeji yako


Gereji, 12 Februari

Shemeji,

Barua yako imenikuta chini ya lori. Nimeisoma nikiwa nimelala chali, na mafuta yakaidondokea pale ulipoandika habari za taya.

Una haki ya kuogopa. Hapa tulikuwa na dereva mmoja mwenye mkono mnene kama mguu wa meza, naye alikuwa anashika hivyohivyo anavyoshika Kaka. Injini ilirudi nyuma, mfupa ukakatika juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa. Siku hizi analinda lango. Tangu hapo msimamizi wetu hataki mchezo na hendeli.

Nakueleza wewe waziwazi ili ujue. Kile kikono kidogo ubavuni mwa injini, kinachowahisha au kuchelewesha cheche, lazima kirudishwe nyuma kabisa kabla mtu hajagusa hendeli. Cheche ikiwahi, moto unalipuka mapema na nguvu yote inamrudia aliyeshika. Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kisiizunguke hendeli hata kidogo. Mkono uwe ndoano tu. Na mtu avute kwenda juu, asisukume chini, ili injini ikirudi nyuma hendeli ijichomoe yenyewe kwenye vidole. Basi, ni hayo tu. Mtu anajifunza kabla chai haijapoa.

Kumwambia Kaka ndiyo kazi. Shemeji, huyu ndiye aliyenilea Baba alipofariki. Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake nikaandika herufi ya kwanza maishani mwangu. Hata hendeli alinifundisha yeye, kwenye injini hiyohiyo. Nitaanzia wapi kumwambia kwamba anashika vibaya? Nitamwandikia leo kwa njia ya adabu, naye ni mtu mwerevu, atajiongeza. Barua zote mbili nampa dereva wetu anayekuja huko, ya Kaka ampe mkononi, hii akupe wewe jikoni.

Ukimaliza kusoma hii ichome.

Kitinda wako


Gereji, 12 Februari

Kaka yangu mpendwa, mlezi wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema pamoja na Shemeji na wote wanaokuzunguka. Mimi mdogo wako sijambo kabisa, kazi zinaendelea vizuri, na kila ninaposhika spana nakumbuka ni nani aliyenishikisha ya kwanza.

Dhumuni la barua hii si kubwa, ni kukujulia hali tu. Nikiongeza neno basi ni kama mazungumzo ya barazani. Hapa gereji palitokea dereva mmoja akaumia mkono kwa hendeli, ndipo wenzangu wakaanza kubishana kuhusu namna ya kushika. Wapo wanaosema kidole gumba kikae na vidole vingine. Wapo wanaosema kikono cha cheche kirudishwe nyuma kwanza. Wengine eti hendeli haisukumwi chini, inavutwa juu. Sijui kama ni mitindo tu ya watu wa mjini. Mimi sina la kusema mbele yao, kwa sababu nilifundishwa na mtu ambaye mashine inamtii. Nikasema moyoni, Kaka angekuwepo angetuamulia.

Wewe unaonaje? Sina maana yoyote kwa kuuliza, ni maarifa tu natafuta. Na kama ukiona nimevuka mpaka, nisamehe, uhesabu kwamba sikuandika.

Nisalimie Shemeji. Mwambie nimekosa maneno yake makali.

Mdogo wako mtiifu,
Kitinda


Mashineni, 25 Februari

Kitinda,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko gunia la mahindi makavu. Mwandiko umetulia, herufi zimesimama wima, sasa ninaweza kufa bila wasiwasi.

Lakini mimi nakujua. Ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe ulikuwa unakuja kuniuliza eti Kaka, vikombe huvunjikaje. Huyo dereva ni wewe, au hujaumia ila umeanza kuiogopa hendeli na unaona haya kusema. Usione haya. Hofu humpata kila fundi, inapita.

Sikiliza dawa yake. Chuma hakipendi mtu mwenye wasiwasi. Ikamate hendeli kwa vidole vyote vitano, ifunge, kama unavyoushika mkono wa mtu usiyetaka aondoke. Anayelegeza kidole ndiye anayeumia, kwa sababu inamponyoka. Kisha egemea, usilembe. Hayo ya kidole gumba kukaa pembeni ni maringo, ni kama wale wanaoshika kikombe cha chai na kukinyoosha kidole cha mwisho.

Niliwasomea foleni kidogo, pale pa huyo dereva tu, jina lako sikulitaja. Tulicheka sana. Halafu nikawaonyesha kazi. Iliwaka mara moja.

Sasa naenda kumwandikia jirani barua ya posa, ameniambia bila mwandiko wangu hataoa. Wiki nzima nimekuwa mwandishi wa watu, hadi kidole cha kati kimeota sugu. Shemeji yako hajambo, ingawa siku hizi ananitazama sana ninapofanya kazi. Nadhani bado ananipenda.

Kaka yako


Mashineni, 27 Februari

Shemeji,

Ulimwandikia nini kaka yako? Nilitegemea utazima moto, wewe umeumwagia mafuta. Sasa anatamba kwamba hata mafundi wa mjini wanamuuliza yeye. Anaikamata ile hendeli kwa nguvu kuliko zamani, ili kuonyesha namna unavyotakiwa kushika wewe.

Barua yako kwangu sikuichoma. Niliiweka sandukuni, chini ya nguo, nimeisoma hadi nimeikariri. Jana nilijaribu kumwambia maneno yake kama yangu. Nikasema, baba, hebu kitoe hicho kidole gumba, kiweke na wenzake. Akageuka akaniuliza, nani amekuambia? Nikasema hakuna. Akacheka, akasema basi hakuna amekudanganya. Ningemjibu nini, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba iwe siri?

Mwandikie tena. Safari hii bila maua.

Shemeji yako


Gereji, 9 Machi

Shemeji,

Nimeandika barua, nikaichana. Nikaandika nyingine, nayo nikaichana. Kila nikiandika "Kaka, unakosea," mkono unakuwa mzito, naona sura yake akiisoma. Na mbaya zaidi, mwenyewe ameniambia kwamba anaisomea foleni barua zangu. Nimwandikie maneno ya kumkosoa, halafu yasomwe mbele ya watu wanaomwita Bwana Mashine? Bora nichelewe kuliko nimvunjie heshima.

Nimepata njia nyingine. Nina likizo mwishoni mwa Aprili. Nitakuja. Nitasimama naye kwenye injini kama zamani, nitamwomba aniachie niiwashe mimi, nitashika inavyotakiwa. Ataona kwa macho yake na hakuna neno litakalosemwa. Yeye ni mtu wa kuona, ataelewa, na kesho yake atakuwa anafanya hivyo kama aliyezaliwa nayo.

Vumilia kidogo tu. Amekuwa akiipiga hendeli hiyo tangu sijaota ndevu, haitamdhuru kwa kipindi hiki kifupi. Mpe chai nyingi asubuhi ili achelewe kwenda mashineni.

Kitinda wako


Mashineni, 2 Aprili

Kitinda

Sisi wazima. Mashine imefungwa mkanda umekatika tunasubiri mwingine. Nasikia unakuja likizo usije hakuna kazi na nyumba ina vumbi. Njoo mwakani. Usijibu nina shughuli

Kaka yako


Gereji, 11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Umeniambia nisijibu, lakini nimeshindwa kuvumilia. Nilipoifungua barua yako nilidhani kuku amekanyaga wino akapita kwenye karatasi. Ilibidi nitazame jina mara mbili. Ni wewe kweli, mtu aliyekuwa ananichapa rula vidoleni kwa sababu ya herufi moja iliyolala? Nukta zimekwenda wapi? Au uliandika ukiwa umeketi juu ya injini inayotetemeka? Nimewahi kuwasifia wenzangu mwandiko wako hadi wakachoka, leo nimewaonyesha na wamenicheka vya kutosha. Nadhani zamu yangu ya kushika rula imefika.

Kuhusu likizo, sawa, wewe ndiye mkubwa. Nimemwachia mwenzangu nafasi yangu. Sitaki kuficha, imeniuma kidogo kuambiwa nisije nyumbani kwetu. Kama ni ile habari ya hendeli niliyokuuliza, na umeona nimekosa adabu, nisamehe. Sikuwa na maana mbaya.

Msalimie kuku wako.

Mdogo wako,
Kitinda


Mashineni, 20 Aprili

Shemeji,

Acha utani wako. Kaka yako aliisoma barua yako amekaa kwenye kizingiti cha mlango. Alipofika pale pa kuku alicheka kweli. Halafu akaikunja, akaenda nyuma ya nyumba, na hakurudi hadi chai ikapoa. Ameniapisha nisikwambie. Nimechoka kuapishwa na ndugu wawili, kwa hiyo nakwambia.

Ile barua aliiandika kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua asubuhi nzima.

Mkanda haukukatika. Ilikuwa katikati ya Machi, barua yako ya kuniambia nivumilie ilikuwa imeshafika. Foleni ilikuwa ndefu, injini ilikuwa ya baridi, na kikono cha cheche kilikuwa kimebaki mbele kama alivyokiacha jana yake. Aliikamata hendeli kwa vidole vyote vitano, akaegemea, akamtania mama mmoja habari za ndoo yake iliyotoboka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ungo. Nilikiona kile kikono kiko wapi. Nilifungua mdomo. Injini ikarudi. Nilisikia mfupa. Yeye hakupiga kelele, alikaa chini kwenye unga na kuutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na mama yule bado alikuwa anacheka kwa sababu hakuwa ameelewa.

Hospitali waliuunga mfupa, lakini umeunga upande. Kidole gumba hakifungi. Hashiki kalamu, hashiki kijiko, shati namfunga vifungo mimi, naye anatazama juu ya kichwa changu ninapofanya hivyo. Wale waliokuwa wanakuja kuandikiwa barua wanapita upande wa pili wa njia ili wasimwaibishe, naye anawaona.

Ulisema bora uchelewe kuliko umvunjie heshima. Heshima yake haikuvunjika, Shemeji, uliitunza vizuri. Kilichovunjika ni mkono. Nisamehe, nimekwambia hivyo kwa uchungu, na uchungu wenyewe si wa kukutupia wewe peke yako. Barua mbili zilifika siku moja, mikononi mwa dereva mmoja. Ya adabu ilikwenda kwake, ya kweli ilikuja kwangu, nami nikaifunika kwa nguo. Kila asubuhi nilikuwa natoka chumba chenye ile barua naenda kumtazama akikamata hendeli. Nilimwogopa akinikasirikia kuliko nilivyoogopa chuma.

Jana nimempa. Ameisoma, akairudia, akaiweka mfukoni.

Shemeji yako


Gereji, 29 Aprili

Shemeji,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, kisha nikaenda kumwomba msimamizi ruhusa nikashindwa kumwambia ni ya nini.

Nilitamani niikimbilie ile barua ya kuku nikaikamate njiani. Niliwaonyesha watu barua yake ya mkono wa kushoto. Niliipitisha mkono kwa mkono wakati wa chai, nikacheka kuliko wote. Kila herufi pale ilikuwa maumivu yake, na mimi nilihesabu nukta zilizokosekana.

Nilikuwa na maneno yote. Nilikupa wewe kwa mistari michache bila kufikiri hata kidogo. Kwake nikayapaka asali hadi akadhani ni chai. Usijilaumu kwa kuificha, mimi ndiye niliyekwambia uichome. Na mimi ndiye niliyemwachia mtu mwingine likizo yangu, sasa siwezi kuondoka hadi zamu zigeuke.

Sijui nimwandikie nini. Kalamu ninayo, ananitisha zaidi sasa kuliko zamani.

Kitinda


Mashineni, 6 Mei

Kitinda,

Kuku anakusalimu. Mwandiko uvumilie, naandika neno napumzika, lakini nukta nimeanza kuziweka kama unavyoona.

Nimeisoma ile barua uliyomwandikia shemeji yako mwezi wa pili. Ni barua nzuri. Haina neno la ziada, hata mtoto angeielewa. Ni barua yangu, ilikosewa jina tu juu ya bahasha.

Nitakwambia ukweli. Ungeniandikia hivyo ningekasirika. Ningekuita mtoto asiye na adabu mbele ya foleni nzima, na ningekaa muda mrefu bila kulitaja jina lako. Halafu siku moja, watu wakiwa hawapo, ningejaribu kukiweka kidole gumba pembeni, nikaona inafaa, na baada ya hapo ningewaambia watu kwamba wazo ni langu. Ndivyo nilivyo. Wewe ungechukia, shemeji yako angekonyeza, na mkono ungekuwepo.

Lakini nimekaa hapa kizingitini nikajiuliza, huyu mtoto nani alimfundisha kuzunguka namna hii akitaka kuniambia neno? Nikakumbuka. Ulikuwa ukiniambia "Kaka umekosea" nakununia hadi unaomba radhi kwa kosa langu mimi. Nilikusifu kwa watu, nikasema tazameni mtoto mwenye adabu. Na mke wangu aliponiambia, nilimfanya kichekesho cha foleni. Sasa unataka kuubeba huu mkono peke yako. Hutaweza, ni mzito. Tuliuvunja sisi watatu, na mimi nilianza mapema kuliko ninyi.

Niliumia zaidi siku ile ya kuku kuliko siku ya hendeli. Si kwa sababu ya utani. Ni kwa sababu nilitaka kukujibu kwa utani mwingine mkubwa zaidi, na mkono wa kushoto haukuweza kufika.

Sasa sikiliza. Shemeji yako anataka kuiwasha mashine mwenyewe. Watu wanakwenda mbali kusaga, na sisi tunahitaji ile injini ilie. Mimi nimeificha hendeli chini ya kitanda. Sikuwahi kukiogopa kile chuma, lakini nikimfikiria yeye amekishika natokwa na jasho. Anasema barua yako ameikariri. Mimi nataka yangu. Iwe na jina langu juu ya bahasha. Niandikie kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuona injini. Usiniamkie. Usinisifu. Usiniulize naonaje.

Kaka yako


Gereji, 15 Mei

Kaka,

Ulikuwa unashika vibaya. Ulinifundisha vibaya pia, na niliendelea kushika hivyo hadi nilipofika hapa na msimamizi akanipiga kofi mkononi.

Toa hendeli chini ya kitanda, mpe Shemeji. Mkono wako haufai tena kwa kazi hiyo na usijaribu, hata siku moja yeye akiwa hayupo.

Wewe kazi yako ni kikono cha cheche. Kwa kazi hiyo mkono wa kushoto unatosha. Hapa kwetu anayekaa kwenye hendeli haigusi kabla hajauliza kwa sauti, "Cheche?" na mwenzake amjibu, "Nyuma." Fanyeni hivyo. Usimjibu kwa kukumbuka ulivyokiacha jana. Kiguse kwanza, kirudishe nyuma hadi mwisho, ndipo umjibu. Ukiwa na shaka nyamaza, na wewe ukinyamaza yeye aiache hendeli.

Mkanda wa kinu uwe umetolewa, ili injini isianze ikiwa na mzigo. Shemeji afagie unga pale anaposimama, kwa kuwa unateleza, na nguo yake aifunge vizuri isining'inie. Vidole vinne viishike hendeli kwa chini kama ndoano na kidole gumba kikae na wenzake. Asikifunge hata kwa bahati mbaya, mwangalie kila mara, mimi mwenyewe hujisahau. Aivute polepole hadi aione imekuwa nzito, hapo aivute juu mara moja na kuacha. Asisukume chini. Asizungushe mfululizo. Asiegemee, uso wake ukae mbali. Ikigoma, apumzike, kisha aulize upya kuhusu cheche kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Foleni ikae nje ya kamba. Utani usubiri hadi injini iwe imewaka.

Yote haya niliyajua mwezi wa pili. Nilikaa na kalamu mkononi nikachagua kukupendeza. Nitalijutia hilo kila nitakapofunga kifungo cha shati langu.

Barua hii sikuichana. Zamu zimegeuka, nakuja mwezi ujao. Nikishika kitu vibaya niambie palepale, hata kama watu wapo.

Mdogo wako


Mashineni, 27 Mei

Kitinda,

Barua imefika. Niliisomea foleni yote, kuanzia pale unaposema nilikuwa nashika vibaya. Hakuna aliyecheka. Mama mwenye ndoo iliyotoboka aliniomba nirudie pale pa kidole gumba, nikarudia.

Kisha nikaenda kwenye kikono changu. Shemeji yako akafagia, akashika, akauliza kwa sauti ambayo ungeisikia huko gereji. Nikakigusa, nikakirudisha hadi mwisho, nikamjibu. Iligoma mara ya kwanza, hendeli ikamtoka vidoleni bila kumgusa, ikazunguka yenyewe ikasimama. Alinigeukia. Akauliza tena, nikamjibu tena, ikawaka.

Watu walipiga kelele, "Bwana Mashine," kwa mazoea, halafu wakanitazama. Niliwaambia wamwite yeye.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa mapajani. Injini ilipokuwa inakamata moto niliuona unajikunja, unataka kushika. Vidole vinne vilifunga. Kidole gumba kilibaki pembeni, mahali pake, palepale kilipotakiwa kuwa siku zote.

Njoo. Kuna barua nyingi za watu hapa zinasubiri mwandiko mzuri, na nimewaambia ninao mmoja niliouanzisha mwenyewe.

Kaka yako